Mjukuu Wangu Kavuliwa Medali kwa Kosa la Kuwa na Kwao

Sindeni, Handeni
Jumapili, siku ya nane tangu mashindano

Kwa Ndugu Hiza Mdoe,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano ya Kuogelea, Baiskeli na Mbio za Miguu,
Korogwe.

Ndugu Mwenyekiti,

Kabla sijakusalimu nakugombeza, maana salamu hupewa aliyefika, na wewe hujafika. Mwaka wa sita huu tangu tumzike mama yako, na hujakanyaga uwanja wake. Jumamosi ile ulikuja ndani ya gari jeupe, kioo umekipandisha, vidole umevitoa nje kwa juu kidogo kama mtu anayekausha kucha. Ulipita mbele ya mlango wangu mara nne. Nilihesabu. Mimi niliyekuogesha mama yako alipokuwa hoi na homa, mimi uliyenikojolea kanga mbili kwa siku moja, leo unanipungia vidole kama mgombea udiwani. Haya, hujambo? Mkeo hajambo? Watoto wazima? Sisi wazima, isipokuwa kwa haya yanayofuata.

Mimi shule sikuiona hata kwa dirishani. Anayeandika ni Zamda, mke wa mwanangu Sadala, aliyefika kidato cha nne. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Herufi zikipinda ni zake, maneno ni yangu.

Ninachotaka ni kimoja, nakisema mapema usije ukachoka njiani: mrudishieni mjukuu wangu Sharifu medali yake na jina lake, ndani ya siku saba. Mlimvua shingoni, mbele ya macho yangu, mkamfuta kwenye orodha. Tangu siku hiyo amekaa hapa kwangu, na ameapa haondoki mpaka jina lake lirudi. Yeye ni fundi umeme Dar es Salaam, ana kazi zake, ana mke wake. Sasa yupo barazani kwangu anaangalia barabara.

Wajumbe wenzako huenda wanamjua kwa namba tu, kwa hiyo nawaeleza. Sharifu ni mtoto wa marehemu mwanangu Hussein. Tangu tumzike baba yake, miaka minne, hajalala Sindeni hata usiku mmoja. Anapiga simu, anatuma salamu, anatuma picha. Halafu mwezi uliopita akapiga simu kwamba anakuja. Nikapiga kigelegele. Kumbe anakuja kupita! Anaingia bwawani kule Mnyuzi asubuhi, anaogelea mpaka aruhusiwe kutoka. Akitoka anapanda baiskeli, anapita Korogwe, anapita mlangoni kwangu Sindeni, anakwenda mpaka Handeni mjini, kilomita tisini. Akifika Handeni anaiacha baiskeli, anarudi Sindeni kwa miguu, mbio, kilomita ishirini na moja, mpaka uwanja wa mpira. Yote kwa siku moja, na hakuna anayemkimbiza. Niliuliza mara tatu kama kuna anayemkimbiza.

Tukasema haya, mtoto ni wetu, tutamshangilia. Tulikuwa watu kumi na sita. Na hapo ndipo malalamiko yanapoanza.

1. Kuhusu namba.

Tulifika Mnyuzi kwa kirikuu cha Sadala, kile kigari chake cha mizigo, jua halijachomoza vizuri. Nikamkuta mjukuu wangu ameandikwa mkononi kwa wino mweusi, 114, kama ng'ombe wa mnadani. Kipaza sauti kikawa kinaita namba. Nikamfuata mwenye kipaza sauti nikamwambia yule si mia moja na kumi na nne, yule ni Sharifu wa Hussein. Akaniambia, bibi, hapa majina yanatuchanganya. Ndugu Mwenyekiti, jina linamchanganya nani? Nina wajukuu ishirini na watatu na sijawahi kumwandika hata mmoja. Hata kuku wangu nawajua kwa tabia.

2. Kuhusu mama mkwe.

Hili Zamda alitaka niliruke, sikubali. Mlimtoa kijana majini amevaa nguo ya mpira iliyomganda kama ngozi ya pili, mkamwambia aivue palepale, mbele ya umma, apande baiskeli. Kwenye ule umma alikuwapo Hafsa, mama mkwe wake, aliyekuja kwa heshima zote na kanga mpya. Mila zetu unazijua, Hiza, labda kama huko Korogwe zimekutoka. Mkwe na mama mkwe wake hawapishani hata njia nyembamba, mmoja huingia porini. Sasa huyu Hafsa wa watu akaona anachokiona. Akajifunika kichwa, akageuka, akaanza kukimbia kufuata reli. Mpaka tunampata, alikuwa amekwishapita nyumba ya tatu ya wafanyakazi wa mkonge. Kwa mwendo ule, naye mngempa namba.

Sisi wanawake tulifanya ambacho mwanamke yeyote mwenye akili angefanya: tulifungua kanga zetu za juu tukamzungushia Sharifu ukuta, akabadili nguo kwa staha. Hapo ndipo mwamuzi wenu akaandika kosa la kwanza. Akaliita msaada kutoka nje. Nje ya nini? Sisi tulimzaa.

3. Kuhusu baiskeli, ambalo ndilo shina la shauri.

Tulirudi Sindeni haraka kwa kirikuu nikasonge bada. Wewe bado unaikumbuka bada ya muhogo, au siku hizi ni chipsi? Nikapika na mlenda, na kunde kando. Jirani yangu Nkasiogi akaja kutoka kwenye maboma yao kule mbugani na kibuyu cha maziwa mgando, maana alisikia kuna kijana anakuja na njaa kutoka mbali. Tukapanga mstari mbele ya nyumba, watu kumi na sita na Nkasiogi wa kumi na saba, na debe la kupiga.

Wakapita wa kwanza. Hawakusalimu. Wakapita wengine. Hawakusalimu. Mtu mzima nimesimama mlangoni kwangu, na vijana thelathini na kitu wanapita wameinamisha vichwa kama wamechukua kitu cha watu. Mmoja nilimpigia kelele nikamwambia, mwanangu, hata kama unakimbia deni, shikamoo haina uzito!

Halafu akatokea Sharifu.

Sasa nisikilize vizuri, Hiza. Baba yake, Hussein, alikuwa mchukuzi wa makopa. Ulimwona mwenyewe ulipokuwa mdogo. Magunia mawili ya muhogo mkavu nyuma ya baiskeli yake ya Phoenix, kutoka hapa mpaka soko la Korogwe, mara mbili kwa wiki, miaka ishirini. Kilima kile cha kabla ya mto alikuwa anashuka, anaisukuma, mishipa ya shingo imesimama. Na kila aliporudi, sisi nyumbani tulikuwa na kazi zetu. Sadala anampokea baiskeli. Mkewe anampokea kofia. Mimi nampa maji, naye anakaa kwenye kigoda palepale uani, anakunywa mpaka kata iishe. Miaka ishirini. Mtu akitoka mbali na mzigo, unampokea. Asiyepokewa hajafika, amepita tu.

Basi nikamwona mtoto wake anakuja barabara ileile, amejikunja vilevile, mdomo ameuacha wazi upande mmoja vilevile. Aliponiona akapunguza mwendo aseme shikamoo, maana huyu nilimlea mimi. Mikono yetu ikaenda yenyewe. Sadala akapokea baiskeli. Zamda akapokea kile kikofia kigumu. Mimi nikampa maji. Mtoto akakaa kwenye kigoda cha baba yake. Alikuwa anasema, bibi, bibi, bibi, siruhusiwi, na huku anakunywa.

Baiskeli yenyewe ni nyembamba kama mfupa wa perege na wanasema ina thamani, kwa hiyo Sadala, ambaye ni mtu makini, akaiingiza ndani, akafunga mlango kwa kufuli. Sharifu alipomaliza maji akataka kuondoka. Ufunguo haukuonekana. Tukautafuta. Ikabainika kwamba Zamda aliufunga kwenye pindo la kanga yake, na Zamda alikuwa amekwenda kisimani. Basi wakati anasubiriwa, nikasema, kusubiri na njaa ni ujinga, kula. Akala matonge manne. Kwa mujibu wa mwamuzi wenu, dakika ishirini na tatu zilipita. Kosa la pili.

Hakuna aliyetuambia kwamba kumpokea mtu baiskeli ni kosa. Hakuna tangazo lililobandikwa kwa balozi wa nyumba kumi, hakuna aliyepita na kipaza sauti. Mtu hahukumiwi kwa sheria asiyoijua.

4. Kuhusu huyo mwamuzi.

Anaitwa Deogratius, ana pikipiki, daftari na filimbi shingoni, na ni mpole kwa sura. Alisimama uani kwangu wakati wote wa dakika hizo ishirini na tatu akitazama saa. Mimi siwezi kula na mgeni amesimama. Nikamwambia karibu. Akasema yupo kazini. Nikamwambia kazi haina tumbo, tumbo ni lako. Akakaa. Akala bada, akaongeza mlenda, akaomba kujua kunde zile zimeungwa na nini, akanywa maziwa ya Nkasiogi mpaka kibuyu kikalia. Akanawa mikono. Akashukuru kwa adabu. Kisha akafungua daftari akaandika kwamba Sharifu amepewa chakula na watu wasiohusika.

Kama bada yangu ni kosa, na yeye amelila kosa hilo na kulirudia. Naomba naye avuliwe ile filimbi.

5. Kuhusu kumlaki.

Saa tisa na nusu wakaja kutuambia Sharifu anatembea, miguu imekaza, yupo kama kilomita mbili nje ya kijiji. Wenzake wengi walikwishafika. Nikavaa malapa yangu. Watu wakaniambia, bibi, kaa kivulini atafika. Nikawaambia mgeni wenu ni yupi mliyemwacha afike peke yake?

Tukaenda kumlaki. Mimi nina miaka sabini na sita au themanini, inategemea unahesabu kutoka njaa ipi, lakini nilikimbia, Hiza. Lapa moja lilibaki kwenye lami, sijalipata mpaka leo. Nikamkuta katikati ya barabara, chumvi imemkauka usoni kama samaki, analia. Si kwa maumivu, ila hivi wanaume wanavyolia wakiona kwao kwa mbali. Akaniambia, bibi usinishike, wataniondoa. Nikamwambia anayeweza kukuondoa kwangu hajazaliwa. Nikamshika mkono. Maryamu, shangazi yake, akamshika wa pili. Nyuma debe, vigelegele, watoto, mbuzi mmoja ambaye sijui ni wa nani. Tukauvuka ule mstari wenu wa chokaa wote kwa pamoja, na yule dada wa mezani, asiyejua sheria kama sisi, akamvika medali.

Akaishika hivi, kwa mikono miwili. Akasema anakwenda kuitundika ukutani kwa baba yake, palipokuwa panatundikwa mizani ya makopa. Alisema kilomita zile zote alikuwa anamtafuta baba yake kwenye kile kilima.

Dakika tano hazikupita, akaja Deogratius, tumbo limejaa bada yangu, akamwinamisha kichwa mtoto wangu akamvua. Kosa la tatu. Sharifu hakubisha. Alikwenda akakaa kwenye kigoda, na tangu siku hiyo kauli yake ni moja: siondoki mpaka jina langu lirudi.

6. Kuhusu mshindi mliyempa kikombe.

Sina ugomvi naye, ni kijana mzuri, na ananyanyua magoti vizuri. Lakini alipofika hakuna mtu wake hata mmoja aliyempokea. Kipaza sauti kilimtaja, makofi manne, kwisha. Akakaa kwenye kiti cha plastiki akafungua kamba za viatu mwenyewe. Nilimpelekea uji, akaupokea kwa mikono miwili kama yatima. Sasa nauliza kamati: mtu aliyetoka majini bila mtu, akapita kilomita mia na kitu bila mtu, akafika bila mtu, mmejuaje kwamba ametoka mahali? Sharifu ana mashahidi kumi na saba na mbuzi. Kwa sheria za hapa kwetu, wa kwanza ni Sharifu, na huyo mwenzake hajafika mpaka leo, bado yupo njiani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ninaomba na kudai yafuatayo:

(a) Medali ya Sharifu irudishwe kwa mkono wako mwenyewe, siyo kwa basi la Mkata.

(b) Dakika zile ishirini na tatu zifutwe kwenye daftari, au kama haziwezi kufutwa, basi kila mshiriki mwingine aongezewe ishirini na tatu kwa kupita bila kusalimu.

(c) Mwakani namba zikomeshwe. Kila mtu aitwe kwa jina lake, la baba yake na kijiji chake. Vipaza sauti vikichoka, nitakuja niwaite mwenyewe.

(d) Mashindano yawe na sehemu nne: kuogelea, baiskeli, salamu na mbio. Kwenye salamu, mshiriki ashuke kwenye kila mlango wenye mtu mzima, aulizie hali ya nyumbani, ya shamba na ya mifugo, na ajibu kwa ukamilifu. Atakayesalimu huku mguu mmoja upo kwenye pedeli aanze upya kutoka Mnyuzi.

(e) Marehemu Hussein apewe medali zake. Sadala amejaribu kuhesabu safari zake za Korogwe akafika elfu mbili akachoka. Hatutaki zote. Moja inatosha, lakini iwe nzito.

(f) Na mimi nipewe yangu, kwa lapa moja.

Nasubiri jibu ndani ya siku saba kama nilivyosema. Zikipita, nitakuja Korogwe na wale wote kumi na sita, na debe, na tutakaa ofisini kwako mpaka mtupokee.

Nisalimie mkeo, na watoto, na yule dada yako wa Segera mwambie mbegu za kunde alizoniahidi nazisubiri. Nisalimie wajumbe wote wa kamati, hata wale waliopuliza filimbi. Nisalimie na Deogratius, mwambie zile kunde huungwa na karanga. Sadala anakusalimu, Maryamu anakusalimu, Nkasiogi anakusalimu na anauliza kibuyu chake atakijaza nani. Hafsa hakusalimu kwanza, bado ana haya.

Ni mimi bibi yako,
Chausiku wa Sindeni
(dole gumba la kulia, wino ni masizi ya sufuria)

Nyongeza, baada ya dole gumba.

Sharifu amekwenda kisimani kwa Phoenix ya baba yake. Aliitengeneza juzi, akaitia mnyororo mpya. Nasema haraka kabla hajarudi.

Ule ufunguo haukuwa kwa Zamda. Ulikuwa kiunoni kwangu, pindo la ndani, nami nilikuwa nautafuta pamoja nao, naangalia hata chini ya kuku aliyelalia. Zamda ameandika barua nzima akibeba lawama yangu bila kuguna, na nisingeweza kulala akiwa ameniandikia uongo kwa mkono wake mwenyewe.

Na sheria nilizijua. Sharifu alizituma kwa simu wiki tatu kabla, na Zamda alinisomea mara mbili: msinipe chakula, msiniguse, msishike baiskeli. Nilizielewa vizuri kuliko Deogratius. Lakini miaka minne, Hiza. Siku ya kwanza anafika umbali wa mkono wangu, naambiwa nimpigie makofi apite.

Kwa hiyo mmemhukumu kwa haki, na siwadai kitu. Ila usimwambie.

Tangu akae hapa amelala kitanda cha baba yake usiku nane. Ameziba paa la jiko. Jana alisogeza kigoda karibu na mimi akaniuliza baba yake alikuwa anaimba nini kwenye kile kilima, nikamwimbia, akaimba. Mkewe anakuja Jumatano na mtoto, wamechoka kumsubiri. Likizo yake imebaki siku kumi na tisa, nimemuuliza kwa ujanja. Wewe ni mtu mkubwa, una kamati, una vikao, una mihuri. Najua mnavyoweza kuchelewesha karatasi mkitaka. Zile siku saba nimeziondoa. Lete jibu siku ya kumi na nane, na liwe zuri.

Siku hiyo gari jeupe uliache darajani. Njoo kwa miguu kwa njia ya nyuma, jembe begani. Kaburi la mama yako nimelipalilia upande mmoja, upande wa miguu nimekubakishia wewe. Ukimaliza piga hodi kwangu, usipulize filimbi, nami nitatoka nikupokee jembe.